Kiyoyozi kikubwa huondoa joto, huacha fukuto

Yamkini msomaji atastaajabu kumwona mwanaisimu akiacha ngeli na viambishi na kujitosa katika mambo ya mafundi wa friji. Ninazo sababu mbili. Kwanza, kila msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huzuka huko pwani msururu wa wanunuzi wa viyoyozi, na miongoni mwao wamo walimu wenzangu wanaolipia mashine hizo kwa mikopo ya vyama vya ushirika, mikopo inayokatwa mishaharani kwa miaka miwili au mitatu. Pili, hasara wanayoipata, kwa maoni yangu, huanzia katika lugha kabla haijafika mfukoni. Mnunuzi huingia dukani akatamka neno "kubwa", muuzaji naye akaitikia "kubwa", na hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza: ukubwa wa kitu gani?

Rafiki yangu mmoja anayefundisha Mombasa alinunua kiyoyozi cha BTU 24,000 kwa ajili ya chumba cha kulala chenye urefu wa mita nne na upana wa mita tatu u nusu. Aliyemuuzia hakukanyaga chumba hicho. Alimuuliza tu kama nyumba ina joto, akajibiwa kwamba ina joto mno, akamwelekeza kwenye mashine kubwa kuliko zote zilizotundikwa ukutani. Usiku wa kwanza chumba kilipoa kwa dakika chache, kompresa ikazima; punde ikawaka tena, ikazima tena, hivyo hivyo hadi alfajiri. Hewa ilikuwa baridi, lakini shuka zilinata mwilini kana kwamba zimeanuliwa kabla ya kukauka. Baada ya miezi michache kamusi zake, na insha za wanafunzi alizokuwa amezihifadhi kabatini, zikaota kuvu. Akamwita fundi. Fundi akapima gesi, akasema mashine ni nzima, na kweli ilikuwa nzima. Ila haikuwa ya chumba kile.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa. Mzungumzaji wa lugha hii, hasa wa mwambao, hana neno moja tu la hali hiyo. Ana joto, ana hari, ana harara, ana fukuto, na kwa maji ya kuogea ana uvuguvugu. Maneno haya yana ujamaa lakini si visawe kamili. Joto laweza kusomwa kwenye kipimajoto. Fukuto halisomeki humo. Fukuto ni joto lililoshikana na unyevu katika hewa iliyosimama, joto linalomkalia mtu kifuani na kumtoa jasho lisilokauka. Mtu wa Lodwar ana joto kali kuliko la Mombasa, lakini fukuto la Mombasa halijui. Na bibi aliyekulia Mji wa Kale hakungoja kufunzwa fizikia ili atofautishe mambo hayo mawili: husema leo kuna fukuto, akatoka ndani, akaketi barazani kutafuta upepo.

Wahandisi nao wana tofauti iyo hiyo, ila wanaieleza kwa istilahi zao. Wanasema kiyoyozi hubeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni joto linaloonekana kwenye kipimajoto. Wa pili ni joto lililofichika ndani ya mvuke wa maji ulioko hewani, ambalo halijitokezi mpaka mvuke huo ugeuke kuwa maji. Mzigo huu wa pili si mdogo. Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji hutoa takriban juli 2,400, ilhali kuipoza gramu hiyo ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kwahitaji kuondoa juli nne tu na ushei. Basi mashine inayokausha hewa inafanya kazi kubwa ambayo kipimajoto hakiioni hata chembe.

Tena kazi hiyo ya kukausha ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Mwaka wa 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alipewa tatizo la kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Unyevu wa hewa ulikuwa ukibadilika siku hadi siku, karatasi zikawa zinatanuka na kusinyaa, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikakosa kulingana. Mashine aliyoibuni ilikusudiwa kuudhibiti unyevu huo. Kwa hiyo wewe unayelishika gazeti hili, jua ya kwamba kiyoyozi kilifikiriwa kwa ajili ya karatasi kabla hakijafikiriwa kwa ajili yako.

Namna kinavyokausha ni rahisi kueleza. Hewa ya chumba hupulizwa juu ya mabomba yaliyo baridi, na mvuke hushika juu yake kama matone yanavyoshika nje ya bilauri ya maji ya barafu. Matone huungana, hudondoka kwenye trei, na hutoka nje kwa kibomba. Kazi hiyo yataka muda. Mashine iliyozidi kipimo hukifikisha chumba kwenye nyuzi ulizoziamuru kabla maji hayajaanza kutoka. Kidhibiti joto huizima kompresa. Na kama feni yake inaendelea kuvuma, sehemu ya maji yaliyokwisha kushika mabomba hurudi chumbani yakiwa mvuke. Joto limeondoka, fukuto limebaki. Na kwa kuwa hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa yenye joto, unyevu hutafuta pengine pa kukaa: ukutani, katika nguo, katika vitabu. Fauka ya hayo, kompresa ya aina ya kawaida hufyonza umeme mwingi kila inapoanza kuwaka, na huchakaa kwa kuwaka na kuzima kuliko inavyochakaa kwa kwenda mfululizo.

Nirudi kwenye lugha, maana huko ndiko kwangu. Rafiki yangu aliambiwa dukani kwamba mashine ile ni ya "tani mbili", na akaridhika, kwani tani ni neno zito. Tani mbili za nini? Si uzani wa mashine, ambayo watu wawili huinyanyua. Zamani, kabla ya mashine za kupoza kuenea, ubaridi uliuzwa kwa umbo la barafu, na barafu iliuzwa kwa mizani. Tani moja ya ubaridi ni kiasi cha joto kinachoweza kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani ratili 2,000 ambazo ni kilo 907 hivi, kwa muda wa saa 24. Barafu ilitoweka katika biashara hiyo, neno likabaki. Sisi katika isimu huiita sitiari iliyokufa, na sitiari iliyokufa ni hatari hasa inapotumiwa kuuzia kitu. Ukifanya hesabu, tani hiyo ni BTU 12,000 kwa saa, au kilowati 3.5. BTU moja nayo ni joto la kuipandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Rafiki yangu, basi, aliweka kitandani pake uwezo wa kuyeyusha zaidi ya kilo 1,800 za barafu kila siku.

Kuna jambo jingine lililodondoshwa katika usemi wa dukani, nalo ni maneno mawili mafupi: "kwa saa". Muuzaji husema BTU 24,000, mnunuzi akasikia kiasi, kama kilo za sukari, na kiasi kikiwa kingi ni heri. Kumbe ni kasi. Ni sawa na kulisifu gari kwa kwenda kilomita 120 kwa saa ilhali safari yenyewe ni ya kutoka lango la shule hadi maktaba. Wauzaji wengine hutaja nguvu za farasi, na hapo mambo huzidi kutatanika, kwa sababu farasi hao ni wa mota. Mashine mbili zenye farasi sawa zaweza kutofautiana katika ubaridi zinaoutoa.

Tukipime chumba chenyewe, basi, kwa kalamu na karatasi, nasi tukichukulie jinsi kilivyo saa kumi alasiri, siku ya jua, nje kukiwa na nyuzi 30 hivi na ndani tukitaka nyuzi 26. Eneo lake ni mita 14 za mraba na kimo ni mita 2.8. Dirisha lake la kioo, la mita moja u nusu ya mraba, linatazama magharibi bila kivuli; jua la saa hiyo laweza kupitisha humo kama wati 600 kwa kila mita ya mraba, nazo ni wati 900. Paa ni la mabati juu ya dari nyembamba. Chini ya mabati huwa kama tanuri, na wati 550 za joto zaweza kushuka chumbani. Kuta mbili za nje, wati 300. Kompyuta na taa, wati 150. Watu wawili waliotulia, wati 100 kila mmoja. Inabaki hewa ya nje inayopenya kwenye nyufa na mlango unapofunguliwa. Tuseme hewa yote ya chumba hubadilishwa mara moja kwa saa. Kuipoza hewa hiyo kwa nyuzi nne kwahitaji wati 50 tu. Kuikausha, iwapo unyevu wa nje ni asilimia 75 na wa ndani tunautaka uwe 55, kwahitaji wati 260 hivi, kwa maana hewa hiyo huingia na takriban gramu 400 za maji kila saa. Tazama uwiano huo: katika hewa ya Mombasa fukuto ni mara tano ya joto.

Jumla ni wati 2,400 na kidogo, au BTU 8,200 kwa saa. Mashine ya BTU 9,000 ingemtosha. Aliuziwa karibu mara tatu ya haja yake. Mwongozo wa mpango wa Energy Star wa Marekani ungempa kidogo zaidi ya hapo penye uchache: chumba cha mita za mraba 14 hadi 23 wanakikadiria BTU 6,000, wakaongeza asilimia 10 kikiwa na jua jingi, na BTU 600 kwa kila mtu anayezidi wawili. Hesabu yangu imewapita kwa sababu ya mabati na dirisha lile la magharibi, wala sioni haya kuwapita. Ninachokikataa ni kupima kwa macho.

Hadi hapa tumekadiria alasiri, nacho ni chumba cha kulala! Saa sita ya usiku jua limekwisha kuzama, mabati yamepoa, kompyuta imefungwa. Kuta zinatoa joto zilizolihifadhi mchana, watu wawili wanapumua, na hewa ya nje, ambayo sasa haina joto la kutisha lakini ina unyevu zaidi ya ule wa mchana kwa asilimia, inaendelea kupenya. Mzigo wote waweza kuwa chini ya kilowati moja, na sehemu yake kubwa ni fukuto. Saa hizo ndizo mashine ya tani mbili huzitumia vibaya kuliko zote, maana hupoza kitambo kidogo ikalala, na mwenye chumba hukosa usingizi.

Ipo hatua inayotangulia ununuzi, nayo huwa rahisi kuliko mashine. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu utosini. Paa ndilo hupigwa zaidi, kisha kuta za mashariki na magharibi. Madirisha ya kaskazini na kusini yanakingwa na ukingo mdogo tu wa paa. Ukilitilia dirisha la rafiki yangu kivuli cha nje, cha makuti au turubai, na ukaweka kinga ya joto juu ya dari au ukayapaka mabati rangi nyeupe, zile wati 900 zaweza kushuka hadi 250, na zile 550 hadi 200. Wati 1,000 zimekwenda. Kilichobaki hakifiki BTU 5,000, na kiyoyozi kidogo kabisa cha dukani kingekimudu bila kutweta. Nasisitiza kivuli cha nje. Pazia la ndani hukinga macho; joto lilikwisha kupita kioo.

Waliojenga Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa walizifanya hesabu hizi bila kilowati. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene mno, hupokea joto taratibu. Vichochoro vyao ni vyembamba, nyumba hii humtilia kivuli jirani. Na upana wa vyumba, ambao kwa kawaida haufiki mita tatu, uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mkoko ndio uliopanga ukubwa wa chumba. Sitaki watu wote warudi kuishi katika nyumba za mawe, na wala sidai kwamba humo ndani hamkuwa na fukuto. Ila namwonea huruma mtu anayebomoa ukuta wa namna hiyo, akajenga ghorofa la vioo linalokodolea macho machweo, kisha akaenda dukani kuulizia tani tano. Wahenga walikwisha kumwonya kuhusu mbachao na msala upitao.

Wasomaji wa Limuru, Kinangop na Molo watasema nimewasahau, wao ambao Julai huwakuta wakitetemeka. Kwao hesabu inageuka. Hakuna fukuto la kukausha. Adui ni upepo unaopita chini ya mlango na joto linalotoroka kupitia paa. Hita ya umeme ya kilowati mbili katika chumba kidogo kilichozibwa nyufa hushinda hita mbili katika chumba kinachovuja, na hizo mbili hazifai kuchomekwa kwenye soketi moja, ambayo kwa ampea zake 13 haivumilii zaidi ya kilowati tatu hivi. Anayenunua kiyoyozi kinachoweza kugeuzwa kutoa joto atanufaika, kwani kila yuniti ya umeme yaweza kumletea kama yuniti tatu za joto, mradi apime kwa joto analolihitaji wala si kwa ubaridi. Lakini jiko la makaa lisilazwe chumbani kamwe. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na familia zinazoangamia kwayo msimu wa baridi hazipati nafasi ya kujuta.

Muuzaji wa leo atanijibu kwamba haya ni ya kale, kwa sababu mashine za inveta hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima. Ni kweli, nazo ni bora. Hata hivyo kila inveta ina kima chake cha chini, na mashine ya tani mbili haiwezi kunyenyekea mpaka kufikia mahitaji ya chumba cha usiku. Itarudia tabia ya kuwaka na kuzima, tena baada ya kukulipisha zaidi. Atakuonyesha pia lebo ya nyota, ambayo kanuni za Kenya za mwaka wa 2016 zilitaka ibandikwe kwenye viyoyozi. Isome. Lakini nyota hueleza ubanifu wa mashine katika kutumia umeme, wala haijui chumba chako kina madirisha mangapi.

Ningependa mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili waungane kwa kipindi kimoja, wawape wanafunzi futi kamba na kipimajoto, wapime darasa lao kama tulivyopima hapa, na waandike matokeo kwa Kiswahili. Vijitabu vya maelekezo vinavyofungwa pamoja na mashine hizi huwa na Kiingereza, Kichina, pengine Kiarabu. Kiswahili ni nadra. Maadamu hali ni hiyo, muuzaji atabaki kuwa mfasiri wetu pekee, naye ana maslahi yake katika tafsiri.

Na ambaye amekwisha kununua anaweza kuifanyia mashine yake mtihani mdogo. Usiku wenye fukuto, afunge mlango na madirisha, aiache mashine iende saa mbili kwenye nyuzi 26, na aweke ndoo chini ya kibomba kinachotoa maji nje. Chumba kama kile cha Mombasa, chenye watu wawili, kingepaswa kutoa karibu nusu lita kwa saa. Ikiwa ndoo ni kavu na kibomba hakikuziba, ilhali chumba ni baridi na shuka zinanata, basi ameujua ukubwa alioununua. Asubiri kabla ya kuita fundi wa gesi. Aanze na kivuli cha dirisha, na aamuru nyuzi ambazo feni ya darini ikiziongezea upepo zitamtosha. Maji ya ndooni yanafaa kwa maua. Yasinywewe.